Land Rover 109, 110 au Land Cruiser: Gari Gani la Zamani Linafaa Karagwe na Kyerwa?

Fedha za kahawa zikishalipwa, wapo Karagwe na Kyerwa wanaoanza kulitafuta gari walilolitamani tangu utotoni. Bei ya muuzaji ni mwanzo tu. Kinachoamua kama gari litaendelea kutembea au litalala chini ya mwembe ni mafuta, spea na kutu. Tulinganishe matatu.

Land Rover Series III, 109

Ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, katika ukoo wa ile iliyooneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Injini ya petroli ya lita 2.25 hula lita 17 hadi 20 kwa kilomita 100. Faida yake ni wepesi wa kutengeneza: taimingi ni ya cheni, haina kompyuta, na fundi wa Kayanga au Nkwenda anaifungua kwa spana za kawaida. Bodi ni ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Chesisi ni ya chuma, na tope la masika likikaa ndani yake, huoza bila mtu kujua.

Land Rover 110, injini ya 300Tdi

Umbo la 110 lilitoka 1983. Injini hii ya dizeli ya lita 2.5 yenye turbo ilifuata 1994. Hula takriban lita 10 kwa kilomita 100, yaani karibu nusu ya 109 ya petroli. Springi zake ni za koili, hivyo abiria haumii sana ukiacha lami ya Kyaka–Bugene na kuingia barabara za vumbi. Hatari yake ni mkanda wa taimingi: ukikatika, injini huharibika vibaya. Muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, weka mkanda mpya kwenye hesabu yako.

Toyota Land Cruiser 40

Ilitengenezwa kuanzia 1960 hadi 1984. Giaboksi na ekseli zake ni imara sana, lakini injini ya petroli ya lita 4.2 hula lita 20 hadi 25 kwa kilomita 100. Bodi ya chuma hushika kutu mapema, ila mchomeleaji yeyote anaweza kuiziba. Alumini ya Land Rover inahitaji ribiti na fundi aliyeizoea.

Kununua nchini au kuagiza?

Gari la abiria lenye umri wa zaidi ya miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, pamoja na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, na VAT ya asilimia 18. Gari lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 10 linaweza kuzidi milioni 20 kabla hujaliwasha. Tena TRA hutumia makadirio yake ya thamani, si risiti yako pekee. Gari la bei nafuu kutoka ng'ambo ya Murongo au Mutukula nalo si halali kwako hadi ushuru ulipwe. Kwa hiyo tafuta lililopo nchini, lenye kadi, na namba ya chesisi iliyo kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye chuma.

Ukitaka kwenda kwenye maonesho

Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia ya Land Rover katika tamasha lake. Nairobi, mashindano ya Concours d'Elegance yamekuwepo tangu 1970, na majaji hukagua usafi hadi chini ya gari. Kutoka Karagwe hadi Arusha ni takriban kilomita 1,000: 109 ya petroli itahitaji lita 170 hadi 200 kwenda tu, 300Tdi takriban 100. Kama bado hujanunua, panda basi uende kwanza kuuliza wenye magari spea wanazipata wapi.

Chaguo letu

Kwa kazi na safari, chukua 110. Kwa anayependa historia na kujifunza ufundi, 109. Land Cruiser ichukue ukiipata yenye injini ya dizeli na sakafu nzima. Vyovyote uchaguavyo, lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chesisi yote kabla ya kutaja bei. Na fedha ikibaki, usianze na rangi. Anza na breki.