Mrija wa Kifuani: Namba Ipi, kwa Mgonjwa Yupi?

Mkwezi akianguka mnazini Mlingotini, au bodaboda ikigongana na gari Mapinga, mbavu zinaweza kuvunjika na damu ikavujia kati ya pafu na ukuta wa kifua. Maji ya kifua kikuu, usaha wa nimonia na hewa ya pafu lililotoboka navyo hujikusanya mahali hapo hapo. Kwa macho, tiba inafanana: mrija ubavuni, chini kidogo ya kwapa, na chupa yenye maji sakafuni. Ndugu wakiona mgonjwa wao kawekewa mrija mwembamba na wa kitanda cha pili kawekewa mnene, hudhani wao wamepunjwa.

Hawajapunjwa. Kila mrija umeandikwa namba, kipimo tulichorithi kwa Charrière, fundi wa vifaa vya upasuaji wa Paris katika karne ya 19. Igawanye kwa 3, unapata unene wa nje kwa milimita: namba 12 ni milimita 4, namba 36 ni milimita 12. Na nafasi kati ya ubavu na ubavu si pana kiasi hicho kwa kila mtu.

Hoja ya wapenda mirija minene ni ya hesabu. Tundu la ndani likipungua nusu, kiasi cha maji kinachopita kinaweza kushuka hadi moja ya kumi na sita. Hesabu ni sahihi, ila mgonjwa wa maji hana haraka hiyo. Maji yaliyojikusanya kwa wiki kadhaa hatuyatoi kwa mkupuo; yakifika lita moja na nusu hivi tunasimama kwanza, kwani pafu lililosinyaa likitanuka ghafla huweza kujaa maji lenyewe. Wengi wenye maji ya kifua kikuu hawahitaji mrija kabisa: tunavuta kiasi kwa sindano kwa ajili ya vipimo, kisha dawa za TB zifanye kazi yake.

Damu ni habari nyingine, maana huganda na mrija mwembamba huziba. Majeruhi anahitaji namba 28 hadi 32. Zamani mafunzo ya kimataifa ya huduma kwa majeruhi yalitaka 36 hadi 40. Toleo la 2018 likapunguza. Na damu ikitoka lita moja na nusu mara tu mrija unapoingia, usitafute mrija mnene zaidi, tafuta daktari wa upasuaji. Kwa mtu wa huku Bagamoyo, mara nyingi hiyo ni safari ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Hewa hupita kirahisi. Pafu likitoboka lenyewe bila ajali, namba 8 hadi 14 hutosha.

Mabishano makubwa yako kwenye usaha. Ukiuona mzito kama uji, mkono unakwenda wenyewe kwenye mrija mnene. Lakini uchambuzi uliochapishwa 2010, wa wagonjwa 405 wenye usaha au maambukizi kifuani, haukuona tofauti ya vifo wala ya waliohitaji upasuaji kati ya mirija myembamba na minene. Walichozidi wenye minene ni maumivu. Kwa hiyo anza na mwembamba, mimi nakubali, kwa sharti moja: usafishwe kwa mililita 20 hadi 30 za maji ya chumvi yaliyotakaswa kila baada ya saa sita. Pale ambapo usiku wodi nzima ina muuguzi mmoja, namba 12 itaziba kabla ya asubuhi, na hapo ningechagua 20 au 24 bila kuona haya. Idadi ya wauguzi wa zamu ni sehemu ya kipimo, japo haikuandikwa kwenye mrija.

Nanyi ndugu mnaomsindikiza mgonjwa kwenye gari kwenda Dar es Salaam: chupa ikae chini ya usawa wa kifua chake wakati wote, isilale wala isipakatwe. Maji yaliyo ndani ya bomba la chupa yakipanda na kushuka anapopumua, mrija uko wazi. Na ukiona mapovu, usikubali mtu aubane mrija eti hewa isitoke.