Mikoko Yaleta Maji ya Mfereji Gazi

Mtu wa Bondeni, Mombasa, akilala chali katika nyumba ya kale, macho yake hukutana na boriti. Boriti hizo ni miti ya mkoko na mkandaa, iliyokatwa katika hori za pwani ikaletwa mjini kwa majahazi. Basi habari za mikoko si ngeni kwetu, ila sisi wa mjini tumeizoea ikiwa imekwisha katwa.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za vijiji viwili, Gazi na Makongeni, vilivyo katika Kwale, kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa ukiisha kuvuka Likoni. Gazi ni mahali pa sifa. Mazrui walipoondolewa katika utawala wa Mombasa mwaka 1837, baadhi yao walikwenda kukaa huko, na huko ndiko alikotawala Sheikh Mbaruk bin Rashid, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Lakini sifa haijazi mtungi maji. Wenyeji wake ni wavuvi na wakulima wadogo, na kwa miaka mingi maendeleo yaliwapita njiani yakielekea kwenye mahoteli ya Diani.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya hori ya Gazi ilikatwa kwa wingi, ikawa kuni za viwanda. Mahali pengine palibaki tope tupu, wala miti haikuota tena yenyewe. Mwaka 1991 mtaalamu James Kairo alianza kupanda upya huko, na wanakijiji wakashika kazi pamoja naye. Kumbuka kwamba mikoko yote ya Kenya ni msitu wa Serikali tangu mwaka 1932. Mwanakijiji hakuwa na haki ya kuutunza ila kwa ruhusa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuwaruhusu wananchi kufanya chama na kuandikiana mkataba na Serikali.

Ndipo mwaka 2013 ukaanza mpango uitwao Mikoko Pamoja, wa kulinda hekta 117. Msomaji atauliza, je, mti usiokatwa huuzwaje? Jambo lenyewe ni hili. Mti hunywa hewa ya ukaa, ile inayotoka katika moshi wa magari na viwanda na kuongeza joto la dunia. Mkoko huizika ukaa hiyo katika tope lake, ambamo majani na mizizi haiozi upesi kwa sababu hewa haipiti. Watu wa nchi za mbali wanaotaka kufidia moshi wao hulipa ili ukaa huo ubaki pale. Hesabu ya Gazi ni kama tani 3,000 kwa mwaka, na chama kimoja cha Scotland ndicho kilichoshika kazi ya kuwatafutia wanunuzi.

Fedha zake si nyingi. Katika miaka ya mwanzo zilikuwa kama dola 12,000 za Marekani kwa mwaka. Vijiji hivyo vina watu zaidi ya 5,000, kwa hiyo kama wangaligawana, kila mmoja asingalipata hata dola 3. Hapa ndipo ninapowasifu watu wa Gazi. Hawakugawana. Walikaa barazani, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, wakachagua wenyewe la kufanya kwanza: maji ya mfereji, kisha vitabu vya shule na matengenezo ya madarasa. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa liliwapa tuzo ya Equator, na baadaye watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaifuata njia hiyo hiyo katika msitu mkubwa zaidi.

Hata hivyo si haki kuficha upande wa pili. Mkata boriti aliyeweka shoka chini alipoteza shilingi zake mwenyewe, na alichopata badala yake ni bomba la watu wote. Kwa ajili ya watu kama huyo ilipandwa mivinje nchi kavu, wapate miti ya kujengea na kuni, lakini mvinje hungojewa miaka na njaa haingoji. Tena bei ya ukaa hukatwa ng'ambo, mbali na baraza la Gazi.

Mkataba wao ni wa miaka 20, hata mwaka 2033. Katika muda huo wamejifunga kupanda miche 4,000 kila mwaka. Kazi yenyewe haihitaji mashine: maji ya bamvua yakiisha kutoka, watu huingia topeni hata magotini na vikapu vya mbegu ndefu za mkoko, wakazidunga moja moja, ncha chini, kabla bahari haijarudi.