Kiunganishi cha treni ya kuchezea

Wamama, treni ndogo ya umeme ikikataa kuvuta mabehewa yake, msikimbilie kusema mota imekufa. Tazameni kwanza kiunganishi, kile kidude cha mbele na nyuma kinachoshika behewa. Kikivunjika, kichwa cha treni kinaondoka peke yake na mtoto anabaki analia. Kukibadilisha ni kazi ya mezani.

Tunasema juu ya treni za kipimo cha HO, zilizo ndogo mara 87 kuliko treni ya kweli. Nyingi za zamani za Marekani zina kiunganishi cha plastiki chenye umbo la pembe. Hicho kinasukuma behewa upande, na treni ikirudi nyuma kwenye kona inatoka relini. Ndiyo maana wapenzi wa treni wanakiondoa na kuweka cha chuma cha Kadee, kilicho kama vidole vya mkono vilivyokunjwa nusu.

Vidole hasa, na tusilipite jambo hilo haraka. Zamani kule Marekani mabehewa yaliungwa kwa pete ya chuma na pini. Mfanyakazi alisimama katikati, behewa likimjia, akaongoza pete kwa mkono na kutia pini. Wengi walikatwa vidole, wengine walibanwa wakafa. Eli Janney, karani wa duka huko Virginia, alichonga kwa kisu mfano wa mti wa viunganishi vinavyoshikana vyenyewe, akapewa hataki yake mwaka 1873. Makampuni ya reli yakavuta miguu kwa sababu ya gharama. Lorenzo Coffin wa Iowa alihangaika miaka mingi akidai usalama, mpaka sheria ya 1893 ikawalazimisha. Miaka 20, na dawa ilikuwa imekwisha kupatikana! Tunawafikiria wake wa wale wafanyakazi, waliongojea mlangoni kila jioni.

Turudi mezani. Ondoeni treni kwenye reli, mfungue skrubu ya kisanduku cha kiunganishi kwa turnevisi ndogo. Toeni cha zamani, wekeni kipya na springi yake, mfunge bila kukaza sana: lazima kicheze kulia na kushoto na kurudi katikati chenyewe. Springi hizo huruka kama panzi. Fanyeni kazi mikono ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, hamtazitafuta chini ya kitanda. Mafuta hapana, yanashika vumbi. Unga mweusi wa penseli unatosha. Kisha pimeni urefu: katikati ya kiunganishi iwe karibu milimita 10 juu ya reli. Kimoja kikiwa chini kuliko mwenzake, vitaachana njiani.

Mtoto anayetia kila kitu kinywani asikae karibu, hata kama kaka zake wanasaidia. Na wenye treni za mbao zinazoungana kwa sumaku, zikagueni. Sumaku ikilegea, treni hiyo itoke mikononi mwa watoto. Mtoto akimeza sumaku mbili, zinavutana ndani ya tumbo na kutoboa matumbo. Mpelekeni hospitali mara moja, hata kama anacheka na haumwi.

Kiunganishi kikiwa tayari, sukumeni kichwa polepole kwenye behewa. Mtasikia "ta!" ndogo. Mwacheni mtoto avute wa kwanza.