Je, Wajua? Siri ya Daraja la Meno Kukaa Sawasawa

Je, wajua kwamba daraja la meno la metali na kauri, yaani meno bandia yanayoziba pengo kwa kushikwa na meno ya jirani, lina tabaka mbili? Ndani kuna kiunzi cha metali, ambacho mara nyingi unene wake haufiki hata milimita moja. Juu yake huchomwa kauri yenye rangi ya jino. Kauri ndiyo inayoonekana mtu akicheka, lakini kiunzi ndicho kinachoamua kama daraja litakaa vizuri.

Je, wajua kwamba mwanya kati ya ukingo wa daraja na jino hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita? Mwaka 1971, McLean na von Fraunhofer walichapisha matokeo ya kuchunguza kazi za meno zaidi ya 1,000 kwa miaka 5. Walipendekeza mwanya usizidi mikromita 120. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa takriban mikromita 70.

Kwa nini kitu kidogo hivyo kina uzito? Mwanya ukiwa mpana, gundi inayoshikilia daraja huyeyuka polepole kwa mate, bakteria hujipenyeza, na jino huanza kuoza chini ya daraja pasipoonekana. Fizi nazo huvimba na kutoka damu.

Je, wajua kwamba njia ya kumimina metali iliingizwa rasmi katika tiba ya meno mwaka 1907 na Mmarekani William Taggart? Fundi huchonga umbo kwa nta, hulizika ndani ya unga maalumu uliokorogwa kwa maji, kisha huyeyusha nta kwa moto na kumimina metali katika nafasi iliyoachwa.

Hapo ndipo mtihani ulipo. Metali ikipoa hunywea: dhahabu kwa takriban asilimia 1.5, aloi ya kobalti na kromi kwa zaidi ya asilimia 2. Kwa hiyo ule unga huchaguliwa ili utanuke kwa kiwango kinachofidia upungufu huo. Maji yakizidi au moto ukikosewa, daraja hubana au hupwaya.

Je, wajua kwamba daraja refu ni gumu zaidi kulifanya likae sawasawa? Kadiri meno yanavyoongezeka, ndivyo kunywea na kupinda kunavyojumlishana. Ndiyo maana mafundi wengine hulikata daraja refu vipande, kisha huviunganisha upya kwa kulehemu.

Je, wajua kwamba Mfaransa François Duret alieleza wazo la kupima meno kwa mwanga katika tasnifu yake ya mwaka 1973? Leo kompyuta hutumia vipimo vya aina hiyo kuongoza mashine inayochonga kiunzi kutoka bonge la metali, bila nta wala kumimina. Lakini ncha ya kuchongea haiwezi kuingia kwenye kona nyembamba kuliko yenyewe, hivyo mashine hulazimika kupanua sehemu za ndani.

Njia nyingine hutumia leza kuyeyusha unga wa metali, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikiwa na makumi machache tu ya mikromita. Kiunzi kikitoka hapo hupashwa moto kwanza kabla ya kukatwa kutoka kwenye bamba kilipojengwa. Kikikatwa mapema, msongo uliobaki ndani hukipinda.

Je, wajua kwamba hata kiunzi kilichokaa vizuri kinaweza kubadilika baadaye? Kauri huchomwa mara kadhaa, mara nyingi kwenye joto la nyuzi 900 za Selsiasi au zaidi, na kila mchomo unaweza kusogeza ukingo kidogo.

Daktari hukaguaje? Huweka silikoni laini ndani ya daraja, hulikandamiza juu ya meno, kisha hulitoa. Pale metali inapochungulia kupitia silikoni ndipo panapogusa mno. Pale silikoni ilipobaki nene ndipo penye mwanya.

Hakuna mashine inayoweza kuokoa kipimo kibovu kilichochukuliwa mdomoni. Kwa hiyo, msomaji, ukitengenezewa daraja, omba kiunzi kijaribiwe mdomoni kabla ya kuwekwa kauri. Kisha safisha chini ya daraja kila siku kwa uzi au brashi ndogo, na urudi kwa daktari mara tu unapohisi linacheza.