Mpanda: Kaptula nyepesi hununuliwa kwa kilo, huuzwa kwa kipande

MFANYABIASHARA wa mitumba anayepeleka mzigo Mpanda hulipia uzito karibu kila hatua ya safari, lakini mteja wake hulipia kipande. Katika tofauti hiyo ndimo ilimo faida ya kaptula nyepesi za safari, zile za nailoni au polista zinazokunjika hadi kuenea kwenye kiganja. Humo humo pia ndimo mtaji unamoweza kupotelea, iwapo mzigo utachaguliwa kwa macho peke yake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Belo la kawaida lina kilo 45. Kaptula ya jinsi, au ya pamba nzito yenye mifuko ya pembeni, huweza kufika gramu 450, na kwa uzito huo belo zima litatoa vipande 100. Kaptula ya nailoni ya kutembelea porini mara nyingi ina gramu 180 hivi. Belo la uzito ule ule litatoa vipande 250, na nauli ya mzigo itakuwa ile ile. Hata ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa mitumba una sehemu inayopimwa kwa uzito: mwagizaji hutozwa asilimia 35 ya thamani au kiwango maalumu kwa kila kilo, kile kitakachokuwa kikubwa.

Hata hivyo, vipande 250 vya belo si vipande 250 vya kuuza. Humo mna lastiki zilizokufa, zipu zilizong'oka meno na mishono iliyoachia. Kwa mfano wa hesabu tu, belo likigharimu shilingi 500,000 pamoja na nauli na ushuru wa soko, mwenye mali atasema kila kipande kimemgharimu shilingi 2,000. Vipande 50 vikiwa vibovu, gharama igawanywe kwa 200, na kila kipande kitakuwa kimegharimu shilingi 2,500. Anayeuza kwa shilingi 2,400 akidhani anapata faida ya 400, kwa kweli anapoteza 100 kwa kila mteja anayemshukuru.

Mteja ni nani?

Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ina makao yake makuu Sitalike, kiasi cha kilometa 35 kusini mwa Mpanda. Ni rahisi kudhani kwamba mtalii wa kigeni ndiye soko la kaptula hizi. Sivyo. Wageni wengi wa kambi za ndani huteremka kwa ndege ndogo katika kiwanja cha Ikuu, ndani ya hifadhi, bila kuuona mji. Ndege za namna hiyo kwa kawaida huruhusu mzigo wa kilo 15 tu, tena katika begi laini, hivyo nguo nyepesi wamekwisha kujinunulia kwao.

Mnunuzi wa Mpanda ni yule anayefika kwa treni kutoka Kaliua, au kwa basi la Tabora kupitia Koga na Inyonga, au anayejiandaa kwenda Karema. Ni dereva, mwongoza watalii, mwanafunzi aliye katika utafiti, mchimbaji mdogo wa dhahabu na mvuvi wa Ziwa Tanganyika. Huyu hununua kaptula moja au mbili, naye hutaka ifuliwe jioni na kuvaliwa asubuhi. Wengi wao hupendelea inayofika magotini, kwa kuwa fupi mno haivaliki mbele ya wakwe wala ofisini.

Kupima kitambaa

Pamba katika hali ya kawaida ya hewa hubeba unyevu wa asilimia 8 hivi ya uzito wake, nailoni asilimia 4, na polista chini ya asilimia 1. Ndiyo maana polista hukauka upesi kuliko zote, nailoni huifuata, na pamba hubaki kambani. Kwa upande wa kukwaruzwa na miiba na mawe, nailoni ndiyo imara zaidi, na kwa mchimbaji hilo ni muhimu kuliko saa moja ya kukauka.

Anayetilia shaka kitambaa achomoe uzi mmoja na kuuchoma. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu. Nailoni na polista huyeyuka na kuganda kama punje ngumu. Tabia hiyo hiyo ni onyo kwa mwenye duka: pasi ya mkaa iliyokolea huharibu nailoni mara moja, na cheche ya moto huitoboa. Mpishi wa kambi auziwe pamba.

Baada ya kitambaa, lastiki ivutwe na kuachiwa, zipu ipandishwe na kushushwa mara tatu, na mshono wa katikati ya miguu uangaliwe kwenye mwanga wa jua. Nguo iliyopakwa utando wa kuzuia maji ichunguzwe kwa ndani. Utando unaonata au kubanduka hautengenezeki.

Rangi huuza, rangi huzuia

Misitu ya miombo ya Katavi ina ndorobo, na ndorobo huvutwa na rangi ya buluu iliyoiva na nyeusi. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Kwa sababu hiyo kaptula za khaki, za rangi ya udongo au za kijivu hafifu ndizo za kuwekwa mbele. Mwuzaji mwaminifu atamweleza mteja pia kwamba kaptula ya rangi yoyote huacha miguu wazi kwa ndorobo, ambaye huweza kuambukiza malale. Kaptula ni ya kambini, ziwani na garini mwa moshi. Anayeingia porini avae suruali ndefu ya kitambaa kizito kidogo. Suruali zenye zipu magotini, zinazogeuka kuwa kaptula, hujibu haja zote mbili, zikikutwa kwenye belo zitengwe.

Kaptula zenye mabaka ya kijeshi zisifike mezani kabisa. Mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku 7 kwa raia kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo, wakiwemo wanaoyauza. Vipande vya aina hiyo vihesabiwe kuwa hasara tangu belo linapofunguliwa.

Msimu na mtaji

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndicho kipindi cha pilikapilika za hifadhi, hivyo mzigo unapaswa kuwa Mpanda kabla ya Mei kwisha. Mvua zikianza Novemba, fedha iliyobaki katika kaptula hulala hadi mwaka unaofuata.

Kwa mwenye mtaji mdogo, belo lililofungwa si lazima. Masoko ya mitumba ya Dar es Salaam huuza pia vipande vya kuchagua belo linapofunguliwa. Bei ya kipande huwa juu, lakini mnunuzi hubeba tu alichokipima. Katika mfano uliotangulia, kipande cha kuchagua kikipatikana chini ya shilingi 2,500, nauli ikiwa ndani, belo zima halina nafuu yoyote. Vipande 50 vya gramu 180 ni kilo 9 tu, mzigo wa begi moja la mkononi.