Hedifoni Zisizo na Waya na Kelele za Matatu

Panda matatu ya Mtwapa kuingia mjini asubuhi, utaona abiria wamejitia hedifoni masikioni. Waya uliokuwa ukinasa kwenye kifungo cha shati haupo tena. Simu hupeleka sauti kwa mawimbi ya redio ya Bluetooth, ya gigahazi 2.4, nayo yaweza kubaki ndani ya mkoba.

Zile nyepesi za kulalia juu ya sikio, zenye sponji nyembamba, hazichoshi kichwa. Lakini hazizibi tundu la sikio. Mngurumo wa injini, honi na makelele ya makanga vyote vinaingia, na mkono wako, bila wewe kufikiri, unapandisha sauti ili mawaidha au taarabu isikike juu ya vurumai lile. Hapo ndipo madhara yanapoanza.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikipanda hadi desibeli 90, kiasi hicho hushuka mpaka saa 4. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Sasa piga hesabu: saa moja kwenda, saa moja kurudi, siku tano, ni saa 10. Na vinyweleo vya sikio la ndani vinavyopokea sauti vikishakufa, haviote tena.

Ndani ya gari, basi, mimi napendelea zile ndogo zenye mpira laini wa kuziba tundu. Zikikaa sawasawa, kelele za nje hupungua na sauti unaiteremsha. Ukishuka, mambo hugeuka. Anayetoka feri pale Likoni akiwa ameziba masikio yote mawili hataisikia bodaboda inayomjia kwa nyuma. Vua upande mmoja. Kwa mtembeaji, zile za sponji ndizo zenye faida, maana honi inapenya.

Dukani, tafuta alama ya IPX4 kwenye boksi. Maana yake kifaa kinahimili matone ya maji, si kuogelea nacho. Kwa joto letu hili, jasho la chumvi hula vile vijichuma vya kuchajia, kwa hiyo pangusa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchaji.

Ukivua hedifoni na masikio yakalia ngiii, siku hiyo umezidisha. Yakiendelea kulia hadi kesho yake, nenda kwa daktari.