Saratani: Tusingoje Msafara



Mama mmoja alimleta mwanawe hospitalini kwetu akiwa na homa. Nilimtoboa mtoto kidole, nikadondosha damu kwenye kipimo cha haraka cha malaria, tukangoja. Mstari mwekundu ukatokea. Yule mama akaniuliza: "Nesi, mbona saratani haina kipimo kama hiki? Mama yangu mdogo alifika hospitali ugonjwa umeshaenea."

Naomba nimjibu hapa kwa faida ya wengi.

Dhahabu ndani ya kipimo

Rangi ile nyekundu katika vipimo vingi vya aina hiyo hutokana na chembe za dhahabu, ndogo mno: zaidi ya elfu moja huenea katika upana wa unywele mmoja. Kila chembe imepakwa kingamwili inayonasa protini ya kijidudu cha malaria. Chembe nyingi zikikusanyika mahali pamoja, ndipo jicho linaona mstari.

Baadhi ya saratani nazo hutoa alama zake katika damu, lakini mwanzoni alama hizo huwa chache sana, hata mstari wa dhahabu usionekane. Kwa hiyo wataalamu wanatengeneza chembe nyingine ambazo zikimulikwa kwa mwanga maalumu hung'aa, na mashine huusoma mng'ao huo hata ukiwa hafifu. Bawendi, Brus na Ekimov, waliogundua na kuendeleza chembe za namna hiyo, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023. Hata hivyo, vipimo vingi vya saratani vinavyotumia chembe hizo bado vinajaribiwa maabara. Tena alama nyingine hupanda kwa maradhi yasiyo saratani, hivyo kipimo cha damu peke yake hakitoshi.

Kilichopo leo

Wazee wetu wa Unyanyembe walijua maana ya kungoja. Mwaka 1871 Stanley alitoka Bagamoyo mwezi Machi, akafika Tabora Juni. Vipimo hivi vipya viko njiani kama msafara ule. Lakini saratani ya mlango wa kizazi haingoji, na siki ipo leo.

Mhudumu hupaka siki isiyo kali kwenye mlango wa kizazi, akangoja dakika moja. Pakigeuka kuwa peupe, huenda seli zimeanza kubadilika. Mara nyingi bado si saratani. Sehemu hiyo hugandishwa kwa baridi au huchomwa kwa joto, na mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ikiwa tayari ni saratani, safari ni ndefu: Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Tufanye nini?

- Mama wa miaka 30 hadi 50, nenda ukapimwe hata kama huumwi.
- Mwenye virusi vya UKIMWI awahi zaidi, maana hatari yake ni kama mara sita.
- Ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya kukoma hedhi, usione haya. Njoo mapema.
- Binti wa miaka 9 hadi 14 apewe chanjo. Tangu mwaka 2024 dozi ni moja tu.
- Akina baba, wapeni wake zenu nauli, na muwasindikize.

Yule mama alirudi siku ya kliniki, akaja na dada yake. Wote wawili walipimwa. Nawe, msomaji mpendwa, utamleta nani?